Ruzuku ya Kujenga Upya

Watu wengi hudhani ya kuwa maafa hukoma upepo unapotulia na maji yanapokupwa. Sivyo. Hapo ndipo kazi ndefu huanza.

Tarehe 15 Aprili mwaka 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu yake. Pemba haikuumia sana. Upepo ule haukudumu. Lakini mkarafuu ukipandwa, kwa kawaida hauanzi kuzaa kabla ya miaka sita hivi. Chakula cha msaada humshibisha mkulima mwezi mmoja. Je, miaka ya kungoja ataishije?

Kwa haja kama hiyo serikali hutoa ruzuku. Ruzuku ni fedha itolewayo kwa kazi maalumu, wala hairudishwi kama mkopo.

Pemba nayo ina adui wake, ndiyo bahari. Katika sehemu za pwani, kama vile Kisiwa Panza, maji ya chumvi huingia mashambani wakati wa bamvua. Maji yenyewe hurudi baharini, bali chumvi husalia udongoni. Mpunga hunyauka, na konde hulala bure mpaka mvua zimeiosha ile chumvi. Dawa yake ni kujenga tuta la kuzuia maji, na kupanda mikoko, ambayo mizizi yake hushika tope na kuvunja nguvu za mawimbi.

Kazi za namna hii kisiwani Pemba zimesaidiwa na TASAF, mfuko wa serikali ulioanzishwa mwaka 2000. Wenyeji hushauriana ni kazi gani iwafaayo, kisha walio maskini miongoni mwao huifanya kwa ujira. Hivyo fedha ile ile hufaa mara mbili: humlisha leo yule aliyekosa mavuno, tena hulinda mavuno ya miaka ijayo.

Walakini fedha haina macho ya kulinda. Kaa hutoboa tuta; tundu ndogo isipozibwa, bamvua moja huifanya mlango, na mpunga wa bonde zima hupotea. Serikali hutoa ruzuku kwa wakati wake, lakini kulitazama tuta ni kazi ya wenyeji siku zote. Wahenga walisema kweli: Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Maswali
1. Ruzuku na mkopo vina tofauti gani?
2. Kwa nini konde haliponi mara maji ya bahari yanapoondoka?
3. Mikoko huisaidiaje pwani?