Je, Wajua? Shangazi Naye Hutazama Vibonzo

Jioni ya Julai huku Githongo, baridi ya Mlima Kenya inapokaza, shangazi yangu hurudi kutoka shambani vidole vikiwa vyeusi kwa utomvu wa majani chai. Ameshapimisha kilo zake, risiti ameikunja na kuifunga kwenye pindo la leso. Huchukua kigoda na kuketi karibu na mlango, kando kabisa ya televisheni, mgongo umeelekea jikoni. Watoto wanatazama *Akili and Me*. Baada ya dakika tano kigoda kimesogea. Baada ya dakika kumi ni yeye anayewanyamazisha watoto.

Kwa hiyo swali kama vibonzo vya njozi vilivyotungiwa watoto huwagusa na watu wazima, mimi nimejibiwa nyumbani. Lakini kuna mengine ya kujua.

Je, wajua kwamba Akili ni msichana wa miaka minne anayeishi na jamaa zake chini ya Mlima Kilimanjaro, na kila apatwapo na usingizi huingia Lala Land, nchi ya ndoto ambako wanyama ni rafiki zake na herufi na tarakimu ni mchezo? Kipindi hicho hutengenezwa na Ubongo, shirika la Dar es Salaam lililoanzishwa mwaka 2013. Kipindi chao cha kwanza, *Ubongo Kids*, kilianza kuonyeshwa TBC1 Januari 2014, na humo hesabu huimbwa. Shangazi aliacha shule akiwa darasa la nne. Jioni moja, wimbo wa hesabu ulipokwisha, aliifungua ile risiti, akaiweka gotini, akajumlisha kilo za wiki nzima kwa kidole huku midomo ikichezacheza. Alipopata jibu hakumwambia mtu. Aliikunja risiti, akairudisha kwenye leso.

Je, wajua kwamba Kenya ina kituo cha televisheni kilichotengewa watoto? Akili Kids! kilianza kurusha matangazo mwishoni mwa Machi 2020, wiki mbili hivi baada ya shule zote kufungwa kwa sababu ya Korona. Jina limefanana tu na la yule msichana. Katika miezi ile, nyumba yenye televisheni moja na king'amuzi kimoja ilikuwa na watazamaji wa kila rika, na rimoti ilikuwa mikononi mwa mdogo kuliko wote.

Je, wajua kwamba kumvuta mzazi aketi na mtoto ni ufundi wa makusudi? Waliotunga *Sesame Street* huko Marekani mwaka 1969 walitia mizaha ambayo mtoto haioni na wakawaalika wanamuziki mashuhuri, ili mama na baba wasiondoke sebuleni. Walijua kwamba mtoto hujifunza zaidi akiwa na mtu mzima wa kumuuliza, “Kwa nini?”

Na “kwa nini” hiyo ndiyo iliyojenga kipindi kizima cha kwetu. Je, wajua kwamba *Tinga Tinga Tales*, kilichoanza kuonyeshwa mwaka 2010 kwenye idhaa ya watoto ya BBC, kilihuishwa Nairobi, katika studio za Homeboyz, kwa ushirikiano na kampuni ya Tiger Aspect ya London? Vipindi ni 52, kila kimoja cha dakika 11 hivi, na kila kimoja hujibu swali moja: kwa nini tembo ana mkonga, kwa nini mnyama fulani yuko alivyo. Nyimbo zake zina mkono wa Eric Wainaina. Baadaye hadithi hizo zikageuzwa mchezo wa jukwaani, ukachezwa Nairobi na hata New York.

Mtoto akikitazama huona twiga na kiboko wenye rangi za kung'aa. Mtu mzima anayejua historia huona mkono wa Edward Saidi Tingatinga. Alizaliwa Tunduru, kusini mwa Tanzania, mwaka 1932, akaenda Dar es Salaam kutafuta riziki, na mnamo 1968 akaanza kuchora wanyama kwenye vipande vya masonaiti kwa rangi ya kupakia baiskeli, kwa sababu ndiyo iliyopatikana kwa bei aliyoimudu. Alichora miaka minne tu. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mtu mwingine. Wanafunzi wake waliendeleza mtindo huo, na wachoraji wa mtindo huo ndio waliochora picha ambazo vijana wa Nairobi walizitia uhai kwa kompyuta. Mimi siwezi kumwona kobe wa kipindi kile akitembea bila kumkumbuka mtu aliyekuwa na miaka minne tu ya kuchora.

Je, wajua uzito wa kazi yenyewe? Filamu hupitisha picha 24 kila sekunde. Wachoraji wa mkono mara nyingi huchora 12, kila moja ikaonyeshwa mara mbili. Dakika 11 ni sekunde 660, maana yake michoro 7,920. Kompyuta imepunguza kuchora, kufikiri haijapunguza.

Je, wajua kwamba katika *The Lion King* ya mwaka 1994 msemaji wa Kiswahili husikia filamu mbili kwa pamoja? Kwa Mmarekani, Pumbaa ni jina la ngiri. Kwetu ni kitenzi, na kilimwelezea mhusika kabla hajafungua kinywa. Sarabi, jina la mama yake Simba, ni mazigazi. Fisi anaitwa Shenzi, neno ambalo mama yangu asingeliruhusu mezani. Kabla ya kuchora, watengenezaji walifika Kenya na kuzunguka Hell's Gate, Naivasha, wakachukua umbo la miamba na mwanga wa nyika.

Hapo pia pana kidonda cha watu wazima. Maneno “hakuna matata” ya filamu hiyo yalikuwa yakiimbwa na Them Mushrooms wa Mombasa katika *Jambo Bwana* tangu 1982. Disney iliomba kuyasajili kama alama ya biashara nchini Marekani mwaka 1994, ikakubaliwa 2003, na mwishoni mwa 2018 watu wengi wa Afrika Mashariki walitia saini ombi la kupinga. Watoto waliocheka na ngiri mwaka 1994 ndio watu wazima waliokasirika 2018. Nilikuwa mmoja wao, na hasira yangu haijaisha, ingawa filamu bado naipenda.

Je, wajua kwamba kabla ya televisheni Wameru walikuwa na hadithi ya njozi iliyosikilizwa na mjukuu na babu kwa pamoja? Ni hadithi ya Mbwaa, kisiwa ambako mababu walitumikishwa na watu wa mavazi mekundu, Nguo Ntuune. Watawala wale waliwapa mafumbo, na atakayeshindwa afe. Leteni ndama anayekunya kinyesi cheupe. Wakamlisha ndama maziwa matupu. Leteni kiatu cha ngozi chenye manyoya pande zote mbili. Wakaikata ngozi iningʼiniayo shingoni mwa ng'ombe. Leteni mbwa mwenye pembe. Wakamfunga mbwa pembe za paa. Kisha wakaambiwa walete mkuki ufikao mbinguni, na hapo wakajua kwamba fumbo hilo halina jibu ila kutoroka. Wakaondoka usiku, na kiongozi wao Koomenjwe akayapiga maji kwa fimbo, yakaachana.

Mtoto hucheka kwa mbwa mwenye pembe. Mtu mzima husikia habari ya watu walioishi chini ya mabwana wasioridhika. Wapo wanahistoria wanaodhani Mbwaa ni Manda, karibu na Lamu. Nilipoisikia hadithi hiyo mara ya kwanza nilikuwa na miaka sita hivi, na niliamini nimeielewa yote. Nilipoisikia tena nikiwa na kodi ya nyumba ya kulipa na mwajiri wa kumridhisha, ule mkuki ulinichoma. Waembu nao wana hadithi ya Mwenendega, ambaye msitu wake karibu na Runyenjes ungali unaitwa kwa jina lake. Hapana mahali katika simulizi hizi msimulizi aliposema, “Watu wazima tokeni, hii ni ya watoto.”

Je, wajua kwamba Juni 2017 Bodi ya Uainishaji wa Filamu Kenya ilipiga marufuku vipindi 6 vya vibonzo, ikidai vinaeneza mapenzi ya jinsia moja? Vilikuwa *The Legend of Korra*, *Adventure Time*, *Steven Universe*, *The Loud House*, *Hey Arnold!* na *Clarence*. Wazazi waligawanyika. Jambo lililonishangaza ni kwamba wengi waliobishana hawakuwa wamewahi kutazama hata kipindi kimoja kati ya hivyo, ilhali watoto wao wanavijua kwa majina ya wahusika. Mimi ningependa mabishano hayo yaanzie kwenye kochi, mzazi na mtoto wakitazama kitu kimoja.

Je, wajua kwamba *The Legend of Korra* ni mwendelezo wa *Avatar: The Last Airbender*, vipindi 61 vilivyoonyeshwa na Nickelodeon kati ya 2005 na 2008? Shujaa wake, Aang, ana miaka 12. Ameganda barafuni miaka 100, na anapozinduka anakuta watu wake wote wameangamizwa vitani. Hicho ni kipindi cha watoto, nacho kilipewa tuzo ya Peabody ya 2008, tuzo ambayo kwa kawaida huenda kwa kazi nzito za utangazaji. Kiliporejea kwenye Netflix ya Marekani mwaka 2020, kilikaa miongoni mwa vinavyotazamwa zaidi kwa majuma mengi. Waliokipenda wakiwa shule ya msingi walirudi kukitazama wakiwa na watoto wao.

Humo yumo mzee Iroh, jenerali mstaafu. Katika kipindi kimoja cha 2006 anazunguka mjini mchana kutwa akiwatuliza watu asiowajua: mtoto anayelia, kijana anayetaka kuwa mwizi. Jioni anapanda kilima, anaweka picha ya mwanawe aliyefia vitani chini ya mti, anaimba huku akilia. Kipindi kilitolewa kwa heshima ya Mako, mwigizaji aliyemtolea Iroh sauti, ambaye alikuwa ameaga dunia mwezi Julai mwaka huo. Niliwahi kukionyesha nyumbani kutoka kwenye flashi, jirani yetu mzee akiwemo. Alikuwa amemzika kijana wake mwaka uliotangulia. Watoto walitaka kipindi kinachofuata. Mzee alisema kwa sauti ya chini, “Rudisha hapo pa mti.” Nikarudisha. Watoto wakatulia bila kuambiwa.

Je, wajua kwamba *My Little Pony: Friendship Is Magic*, kipindi cha farasi wa rangi kilichoanza 2010 kwa ajili ya wasichana wadogo, kilipata wapenzi wengi wanaume waliokomaa? Mwaka 2019 mkutano wao mmoja huko Baltimore ulihudhuriwa na watu zaidi ya 10,000.

Je, wajua kwamba *Kizazi Moto*, mkusanyiko wa filamu fupi 10 uliotoka Disney+ Julai 2023, una jina la Kiswahili, na humo yumo Ng'endo Mukii wa Kenya na *Enkai* yake, na Raymond Malinga wa Uganda na *Herderboy*? Enkai ni jina la Mungu kwa Wamaasai. Humo wamo wachungaji, miungu na mashine za kesho, na mtoto na mzazi kila mmoja ana cha kuuliza.

Je, wajua kwamba katika *Super Sema*, kilichoanza YouTube tarehe 8 Machi 2021, adui wa kijiji cha Dunia anaitwa Tobor? Lisome jina hilo kuanzia mwisho. Mpwa wangu aliligundua kabla yangu, akanicheka siku nzima. Lupita Nyong'o ni miongoni mwa waliokitengeneza, na Claudia Lloyd, aliyeshiriki kukitengeneza, ndiye aliyekuwa nyuma ya *Tinga Tinga Tales*.

Juma lililopita nilimsindikiza shangazi kwenye kituo cha kupimia majani. Foleni ilikuwa ndefu, ukungu haujainuka. Nilimsikia akimsimulia mwanamke wa mbele yake, kwa makini kama anayeeleza habari za ukoo, alichokiota Akili jana yake. Yule mwanamke akashusha kikapu, akageuka mzima mzima.

“Na yule komba,” akauliza, “alirudi?”