Somo la Redio: Kutoa Habari Zilizofungamana Bila Kukata Nyuzi Zake

Natumaini mmekwisha keti, ubao umefutwa, na kila mmoja ana daftari na kalamu. Mwalimu wa darasa, tafadhali kaa karibu na ubao, maana leo nitakuomba uandike mara nyingi. Na ninyi mnaosoma somo hili katika karatasi baada ya kulisikia, someni polepole, na penye mifano chukueni kalamu muandike pia.

Wazee waliomo darasani wanakumbuka mwisho wa Aprili 1994. Tarehe 28 na 29 za mwezi ule watu wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo wakaingia wilaya ya Ngara, kwa muda wa siku moja hivi. Wengi wao walikaa Benaco na kambi za jirani, na walio wengi walirudi kwao Desemba 1996. Katika msongamano ule watoto walipotezana na wazazi wao. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, pamoja na mashirika mengine, ikaanza kuwaandikisha watoto hao na kuwatafutia jamaa zao. Leo nataka tuitazame kazi ile ili tujifunze jambo moja: ukiwa na habari nyingi zilizofungamana, na mtu mwingine akazihitaji, umwandikie kwa namna gani?

Mtoto akiandikishwa, jina lake peke yake halitoshi. Kwa desturi ya Rwanda na Burundi kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, na ndugu wa tumbo moja waweza kuwa na majina yasiyofanana hata kidogo. Basi jina halikuonyeshi undugu. Lazima undugu wenyewe uandikwe. Mwalimu, andika ubaoni; namba hizi ni za mfano tu:

Mtoto 7 – mama yake ni – Mwanamke 12.
Mtoto 8 – mama yake ni – Mwanamke 12.
Mtoto 7 – baba yake ni – Mwanamume 20.
Mwanamke 15 – ni dada wa – Mwanamume 20.
Mtoto 7 – alilelewa na – Mwanamke 15.
Mwanamke 12 – alitoka – Kijiji cha 3.

Tazameni vizuri. Kila sentensi ina sehemu tatu: mwanzo kuna mtu, katikati kuna uhusiano, mwisho kuna mtu mwingine au mahali. Sasa mwalimu achore duara kwa kila mtu na kijiji, avute mstari kwa kila uhusiano. Mnaona nini? Mnaona wavu. Maduara ni mafundo, mistari ni nyuzi. Tena hakuna aliyeandika kwamba Mwanamke 15 ni shangazi wa Mtoto 7, lakini ukifuata nyuzi utalijua hilo mwenyewe. Hiyo ndiyo faida ya wavu.

Siku hizi zipo kompyuta zinazoweka habari kwa namna hii hasa, na ghala lake huitwa hifadhidata ya grafu. Grafu hapa si ule mstari wa kupanda na kushuka wa bei ya kahawa; ni wavu huu mliouchora.

Haya. Wavu umekaa ghalani salama. Taabu huanza siku ya kuutoa, maana wanaouhitaji si wa aina moja.

Turudi mwaka 1994. Mwaka ule BBC ilianzisha matangazo kwa Kinyarwanda na Kirundi yaitwayo Gahuzamiryango, yaani yenye kuunganisha jamaa. Mwaka uliofuata, 1995, Radio Kwizera ikaanza hapa Ngara. Msomaji wa redio anahitaji nini? Anahitaji mistari mifupi ya kusomeka kwa sauti, mmoja baada ya mwingine, kwa kuwa sikio haliwezi kushika wavu mzima. Mtu asimamaye mbele ya ubao wa matangazo kambini anahitaji orodha iliyopangwa, apate kutazama kijiji chake kwanza. Na mtoto mchanga asiyejua hata jina lake? Huyo orodha haimfai. Watoto kama hao walipigwa picha, na picha zikatundikwa ili wazazi wazitazame, kama ilivyofanyika huko Goma. Lakini karani wa makao makuu, mwenye kulinganisha habari za kambi moja na za nyingine, alihitaji nyuzi zote bila kupungua. Basi kabla ya kuuliza ni namna ipi iliyo nzuri, uliza nani atapokea, naye atafanya nini.

Namna inayoombwa mara nyingi ni jedwali, lile la safu na mistari. Kwa kompyuta huitwa CSV. Kila ofisi hulifungua, kila karani hulijua, na mimi silidharau. Lakini sikilizeni linavyoweza kudanganya.

Tufanye jedwali la watoto: mstari mmoja kwa kila mtoto, na safu za jina, mama, baba, mlezi. Mtoto 7 alilelewa kwanza na shangazi, kisha na jirani. Safu ya mlezi ni moja. Karani ataandika jirani, kwa kuwa ndiye wa sasa, na shangazi ataanguka nje ya karatasi. Siku mama akija kuuliza habari za wifi yake, hatapata kitu, ingawa ghalani uzi ulikuwapo. Ukisema, basi tuandike mistari miwili kwa Mtoto 7, atakuja mwingine ahesabu mistari na kusema watoto ni wawili. Nililiona jambo hili katika kazi yangu mwenyewe: ofisi moja iliniletea jedwali la wanakisomo, na kila aliyehudhuria madarasa mawili amehesabiwa watu wawili. Tulifurahi kwa juma zima kwamba kisomo kimeenea, kisha tukahesabu upya.

Tena mama wa Mtoto 7 na mama wa Mtoto 8 ni mmoja. Jina lake likiandikwa kwa herufi tofauti kidogo katika mistari miwili, jedwali litakuonyesha akina mama wawili, na watoto hao hawatajulikana kuwa ni ndugu.

Ukilazimika kutoa jedwali, toa mawili. La kwanza la watu, kila mtu mstari mmoja na namba yake. La pili la nyuzi, lenye namba ya huyu, uhusiano, na namba ya yule. Hapo hakuna kinachopotea, ila msomaji atahitaji subira.

Sasa tuje kwenye namna zilizotengenezwa kwa ajili ya sentensi za sehemu tatu. Kanuni za sentensi hizi huitwa RDF. Zilitolewa kwanza mwaka 1999 na W3C, chama kinachotunga kanuni za wavuti wa dunia, na mwanzoni mwa mwaka 2014 chama hicho kilithibitisha namna kadhaa mpya za kuziandika. Sitazitaja zote.

Ya kwanza ni N-Triples. Hiyo ni kama mwalimu alivyoandika ubaoni: kila sentensi mstari wake, kila mtu kwa anwani yake kamili, na nukta mwisho. Ni ndefu, inachosha macho. Lakini kata faili katikati ya mistari miwili, na kila nusu bado inasomeka. Umeme ukikatika wakati wa kupeleka, kilichofika kinafaa. Kwa mzigo mkubwa, na kwa kuweka akiba, mimi huichagua hii.

Ya pili ni Turtle, neno la Kiingereza lenye maana ya kobe. Hapa mwandishi huweka vifupisho mwanzoni mwa faili, na hatarudia jina la mtu katika kila sentensi. Huandika Mtoto 7 mara moja, kisha mama, baba, mlezi, kwa kutenga na alama ya nukta na mkato. Mtu aliyefundishwa kidogo huisoma kwa macho na kuona kosa. Ila ukipoteza mwanzo wake, vifupisho vyote hupoteza maana, kama barua iliyopotea ukurasa wa kwanza.

Ya tatu ni JSON-LD, inayowafaa wale watengenezao kurasa za wavuti na programu za simu, kwani wanajua tayari kuisoma. Ya nne ni RDF/XML, ya tangu mwanzo kabisa. Itoe endapo mpokeaji ana mashine isiyojua nyingine.

Mkitaka kuona mfano wa ghala la wazi, upo Wikidata, ulioanza mwaka 2012, ambao hutoa nakala ya habari zake zote kwa JSON, kwa Turtle na kwa N-Triples. Ghala ni lile lile.

Sasa nyamazeni kidogo, maana hapa ndipo watu wazoefu hukosea. Jirani anasema mama wa Mtoto 7 amekufa. Mtoto mwenyewe anasema alimwona mama njiani, yu hai. Karani mwema huandika yote mawili, na sehemu ya nne: nani alisema. Lakini N-Triples na Turtle zina nafasi tatu tu. Ukitoa kwa namna hizo, sehemu ya nne huanguka kimya kimya, na mpokeaji ataona mwanamke mmoja ambaye yu hai na amekufa, asijue amwamini nani. Habari zenye msemaji zitolewe kwa N-Quads au TriG, zilizo na nafasi ya nne.

Na mtu asiyejulikana je? Tuseme imeandikwa: Mtoto 9 aliletwa na mwanamke fulani. Kompyuta humpa fulani huyo alama ya muda, na alama hiyo ina maana ndani ya faili hilo tu. Fulani wa faili la Ngara si fulani wa faili la Biharamulo, hata alama zikifanana. Na fulani yule yule akitolewa mara mbili, huonekana watu wawili. Dawa yake ni kumpa namba ya kudumu kabla ya kutoa, hata kama jina hulijui.

Baada ya kutoa, usilipeleke faili upesi. Liingize katika ghala tupu, uhesabu sentensi: je, ni sawa na zile za mwanzo? Kisha chagua mtoto mmoja, ufuate nyuzi zake mpaka kwa mama. Ukikwama, namna uliyochagua imekata uzi mahali. Na kabla ya kumpa mtu wavu mzima, mwulize anaohitaji ni upi. Habari za mtoto asiye na mzazi, pamoja na picha na mahali anapolala, zikiwa katika karatasi moja mikononi mwa mtu mbaya, ni hatari. Ubaoni namba na picha hutosha. Mengine yabaki kwa karani.

Kazi ya darasa ni hii. Kila mmoja achukue jamaa kumi wa nyumbani mwake, wazee, wakwe na watoto wa kulea pia. Aandike sentensi za sehemu tatu, kisha ajaribu kuzitia zote katika jedwali la mistari kumi. Sentensi isiyopata nafasi ipigiwe mstari chini. Mwalimu azikusanye zilizopigiwa mstari na kuzihesabu, na kipindi kijacho tutaanza na hesabu hizo. Kwaherini.