SOMO LA KOMPYUTA: AMRI YENYE MAANA MBILI

Chukueni kalamu na karatasi.

Mpishi akisema, "Niletee mbuzi," msaidizi wake huleta kibao cha kukunia nazi. Maneno hayo yakisemwa zizini, ataletwa mnyama. Binadamu hutazama mahali alipo. Kompyuta hufuata kanuni tu, na asiyeijua kanuni aweza kupoteza kazi ya siku nzima.

Leo twatazama Git, programu iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005 ili kutunza historia ya kazi za waandishi wa programu. Ndani yake mna mafaili, na mna matawi, yaani njia mbalimbali za kuendeleza kazi ileile. Amri ya git checkout ina kazi mbili: kuhamia tawi jingine, na kurudisha faili katika hali yake ya awali.

Mathalani, mtu aandika: git checkout hesabu. Je, "hesabu" ni tawi au faili? Git hutafuta tawi kwanza. Likiwapo, huhamia huko, hata kama pana faili la jina hilo. Lisipokuwapo tawi lolote la jina hilo, na faili lipo, Git hulirudisha faili katika hali iliyoandikishwa mara ya mwisho. Haiulizi. Hapo ndipo penye hatari, maana mabadiliko ambayo hayajaandikishwa kwa git add hufutika, na Git haina nakala yake.

Dawa yake ni vistari viwili. Neno lifuatalo vistari hivyo ni jina la faili. Andikeni:

git checkout -- hesabu (faili)
git checkout hesabu -- (tawi)

Vistari hivyo hufaa pia katika git log na git diff. Huko, jina likiwa la tawi na la faili pamoja, Git hukataa kazi mpaka uviweke.

Tena, tangu toleo la 2.23 la mwaka 2019, kila kazi ina amri yake: git switch huhamia tawi, na git restore hurudisha faili. Ukiipa git switch jina la faili tu, hukataa. Yafaa mwanafunzi azoee hizi. Lakini angalieni: git restore nayo hufuta bila ya kuuliza.

Zoezi: andikeni kwa njia mbili amri ya kurudisha faili liitwalo "ripoti", penye tawi la jina hilohilo. Majibu tutayasoma juma lijalo. Kwaherini.