Gereza: Neno Moja na Maana Tatu Ndani ya Fort Jesus

Aghalabu mwanafunzi wa Kiswahili anayezuru Fort Jesus mjini Mombasa huingia akitafuta mizinga na kutoka na picha. Makala haya yanapendekeza ziara ya namna nyingine: ngome hiyo isomwe kama matini, na ufunguo wa usomaji uwe neno gereza.

Wanaisimu wengi hulinasibisha neno hili na neno la Kireno igreja, yaani kanisa. Katika pwani ya Afrika Mashariki, maana yake ilipanuka ikawa ngome. Mathalani, ngome kongwe iliyoko Kilwa Kisiwani huitwa Gereza hadi leo. Hatimaye maana iliyotamalaki ni ile ya jela.

Anayezuru Fort Jesus huzipitia maana hizo tatu kwa miguu yake. Wareno waliijenga kati ya mwaka 1593 na 1596 juu ya mwamba wa matumbawe, kwa ramani ya Mwitalia Giovanni Battista Cairati. Ndani yake mabaki ya kanisa yangalipo. Kuta na mizinga ni ushahidi wa maana ya pili: Waomani waliizingira ngome mwaka 1696 na hawakuitwaa hadi Desemba 1698, njaa na maradhi yakiwa yamewamaliza wengi wa waliokuwemo. Maana ya tatu ilitimia Waingereza walipoigeuza kuwa jela mwaka 1895, hali iliyodumu hadi 1958. Makumbusho yalifunguliwa mwaka 1960, na mwaka 2011 UNESCO ikaiorodhesha ngome hiyo kuwa Urithi wa Dunia.

Ni rahisi kuyasoma haya kama masimulizi ya wageni waliopokezana ngome, mwenyeji akiwa mtazamaji tu. Usomaji huo una kasoro. Wakati wa mazingiwa, Waswahili walikuwa pande zote mbili za ukuta. Enzi ya Wamazrui, Muyaka bin Haji aliitetea Mombasa kwa mashairi dhidi ya Sayyid Said, ambaye alifaulu kuwang'oa Wamazrui mwaka 1837. Hata neno gereza halikubakia jinsi lilivyoletwa. Mreno alitaja mahali pa ibada. Wazungumzaji wa Kiswahili wakalitumia kutaja walichokiona, yaani kuta nene, walinzi na watu waliofungiwa.

Hivyo basi, mwanafunzi wa fasihi hana budi kuingia ngomeni akiwa na kamusi na diwani ya Muyaka, wala si kamera pekee. Vibao vya makumbusho humweleza nani alijenga na nani aliteka. Namna wenyeji walivyoyaelewa hayo yote imehifadhiwa katika lugha, na kuieleza ni kazi ya wanaoisomea lugha hiyo.