Ubongo Ukiumia Sehemu Ndogo, Maisha Hubadilika

Henry Molaison, Mmarekani wa jimbo la Connecticut, aliwekewa mezani karatasi yenye picha ya nyota. Alitakiwa kuifuatisha mistari yake kwa penseli, lakini asiutazame mkono wake moja kwa moja, autazame kwenye kioo. Kazi hiyo inaudhi. Mtu akitaka kupanda, mkono unashuka, na kila akifika kwenye pembe penseli inatoka nje ya mstari. Henry naye alianza hivyohivyo, akikosea kila mara. Baada ya siku 3 za mazoezi mistari yake ilikuwa imenyooka, na mwenyewe alishangaa kuona zoezi lilivyo rahisi. Alishangaa kwa sababu, kwa kadiri alivyojua, hakuwahi kulifanya hata mara moja.

Miaka michache kabla ya hapo, mwaka 1953, Henry akiwa na umri wa miaka 27, daktari aitwaye William Scoville alimfanyia upasuaji wa kutibu kifafa kilichomsumbua tangu utotoni na ambacho dawa zilishindwa kukituliza. Daktari alitoboa fuvu juu ya macho na kuondoa sehemu za ndani za ubongo, kulia na kushoto, zilizo usawa wa masikio. Pamoja nazo ilitoka sehemu kubwa ya kijisehemu kiitwacho hipokampasi. Kifafa kilipungua sana. Lakini tangu siku hiyo, karibu hakuna jambo jipya lililokaa kichwani mwake. Alizungumza vizuri, akili yake ilikuwa timamu na aliyakumbuka mambo mengi ya utoto wake. Hata hivyo, mgeni akitoka chumbani na kurudi baada ya dakika chache, Henry alimpokea kama mtu asiyewahi kumwona. Alipoambiwa kwamba mjomba wake amefariki alihuzunika sana, kisha akasahau. Kila alipoambiwa tena, msiba ulikuwa mpya.

Mwanasaikolojia Brenda Milner, aliyekuwa akifanya kazi Montreal nchini Kanada, ndiye aliyempima kwa zoezi la nyota. Jibu alilolipata lilibadilisha sayansi ya kumbukumbu. Kukumbuka tukio ni kazi moja, na kuujua ufundi wa mkono ni kazi nyingine, inayofanyika mahali pengine. Hipokampasi husaidia kuhifadhi habari mpya za nani, wapi na lini. Ufundi hutegemea zaidi serebela, yaani ubongo mdogo ulio kisogoni, pamoja na sehemu nyingine zilizo ndani kabisa. Ndiyo maana mtu aliyeacha kuendesha baiskeli kwa miaka mingi hupanda na kwenda, ingawa pengine hakumbuki ni nani aliyemshikia kiti siku ya kwanza.

Henry aliishi hivyo kwa miaka 55. Alikubali kupimwa mara nyingi mno, na jina lake kamili lilifichwa hadi alipofariki mwaka 2008. Ubongo wake ulikatwa vipande vyembamba 2,401 ili watafiti waendelee kuusoma. Kila mwanafunzi wa udaktari anayefundishwa kuhusu kumbukumbu leo ana deni kwa mtu huyu.

Hipokampasi haikumbuki matukio tu. Inajua njia pia. Dereva wa teksi za jadi za London hapewi leseni mpaka aijue mitaa ipatayo 25,000 bila ramani, na wengi huchukua miaka 3 au 4 kujifunza. Mwaka 2000 Eleanor Maguire na wenzake walionyesha kwamba sehemu ya nyuma ya hipokampasi za madereva hao ni kubwa kuliko ya watu wengine. Baadaye waliwapima madereva wa mabasi ya jiji hilohilo, wanaopita njia ileile kila siku, na hawakuona ukubwa huo. Kuendesha gari peke yake hakutoshi. Kinachoonekana kuleta tofauti ni kuitafuta njia.

Mbele kidogo ya hipokampasi, kila upande, kuna amigdala, kijisehemu kisichozidi ukubwa wa punje ya lozi. Yupo mwanamke mmoja Marekani, anayejulikana kwa herufi S.M. tu, ambaye amigdala zake ziliharibiwa na ugonjwa adimu. Watafiti walimpeleka kwenye duka linalouza nyoka. Akamshika nyoka mmoja na kutaka kuwagusa hata wale wakubwa wa hatari. Aliwahi kutishiwa kwa kisu bila kuhisi woga. Husimama karibu sana na mtu asiyemjua, pua kwa pua, wala haoni taabu. Kwa muda ilidhaniwa kwamba woga wake umekwisha kabisa. Kisha, katika utafiti uliotangazwa mwaka 2013, alivutishwa hewa yenye kaboni dayoksaidi nyingi, akapatwa na hofu kubwa. Kumbe tishio la kukosa pumzi lina mlango wake mwingine.

Jambo hilo ni muhimu kulishika, kwa sababu watu hupenda kuugawa ubongo kama shamba la urithi, kila hisia na kipande chake. Sivyo. Sehemu zake hufanya kazi kwa pamoja, na uvumi kwamba binadamu hutumia asilimia 10 tu ya ubongo wake hauna msingi wowote. Mfano mzuri ni harufu. Njia ya harufu hufika kwenye amigdala na hipokampasi kwa mkato kuliko njia ya macho au masikio. Aliyekulia Pemba akinusa karafuu ugenini, hisia na kumbukumbu huamka pamoja.

Madhara ya ubongo kuumia hayako Ulaya na Marekani peke yake, ingawa mifano maarufu imetoka huko. Mwaka 1861, jijini Paris, daktari Paul Broca alimpokea mgonjwa aliyekuwa akielewa anachoambiwa, lakini kila alipotaka kujibu alitoa silabi moja tu: "tan". Alipofariki, Broca aliukuta ubongo wake umeharibika mbele, upande wa kushoto. Hali kama hiyo hutokea leo Mombasa, Mwanza na Bujumbura, na mara nyingi chanzo chake ni kiharusi: mshipa wa damu wa ubongo umeziba au umepasuka. Ubongo ukiathirika upande wa kushoto, mara nyingi mkono wa kulia hulegea na maneno hupotea. Wapo wanaodhani mgonjwa ametupiwa jini, wakampeleka kwa mganga kwanza, na muda unapita. Mshipa mkubwa ukiziba, seli za neva zipatazo milioni 1.9 hufa kila dakika.

Kwa hiyo ukimwona mtu uso umepinda upande mmoja, mkono hauinuki au maneno hayatoki, usimpe chakula wala maji, kwani anaweza kupaliwa. Angalia saa, ukumbuke dalili zilianza lini, umkimbize hospitali yenye mashine ya CT skani. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Na kama hujapima shinikizo la damu mwaka huu, kapime wiki hii, kwani likiwa juu huchangia kiharusi.