Urithi wa Uaskofu katika Kanisa Katoliki la Kitaifa la Kipolandi

Uaskofu hupatikanaje pale waumini wanapojitenga na Roma ilhali wataka kubaki Wakatoliki? Swali hilo liliwakabili wahamiaji wa Kipolandi huko Scranton, katika jimbo la Pennsylvania, Marekani. Walikuwa wamejenga kanisa kwa jasho lao, wakadai kushirikishwa katika usimamizi wa mali yake. Dai lao lilipokataliwa, walimwita padri Franciszek Hodur mwaka 1897 awe paroko wao. Mwaka 1898 Hodur alitengwa na Kanisa.

Sinodi ya 1904 ilimchagua kuwa askofu. Hata hivyo, kura hazikutosha: kwa mapokeo ya Kikatoliki, askofu huwekewa mikono na askofu aliyewekewa mikono vivyo hivyo, mfululizo huo ukirudi nyuma hadi kwa Mitume. Huko Chicago, Mpolandi mwingine, Antoni Kozłowski, alikwisha kuwekwa wakfu mwaka 1897 na Wakatoliki wa Kale wa Ulaya. Kozłowski alipofariki mwaka 1907, Hodur alikwenda Utrecht, Uholanzi, ambako Askofu Mkuu Gerardus Gul alimweka wakfu tarehe 29 Septemba.

Hodur alifariki mwaka 1953. Walimfuata Grochowski, Zieliński, Rowinski, Swantek, Nemkovich, kisha Mikovsky aliyeanza mwaka 2010. Ushirika na Utrecht ulivunjika mwaka 2003 kwa ajili ya suala la upadri wa wanawake. Mfululizo wa kuwekewa mikono haukukatika. Roma yenyewe, iliyomtenga Hodur, huutambua uaskofu huo kuwa halali.