Kamera Ikizimika Usiku, Dereva Asilaumiwe Kabla ya Kupima



Katika njia zinazotoka bandari za Dar es Salaam na Mombasa kwenda Zambia, Kongo, Uganda na Rwanda, malori mengi siku hizi yamefungwa kamera kwenye kioo cha mbele. Nyingi zimeungwa moja kwa moja na umeme wa gari ili ziendelee kulinda hata injini ikiwa imezimwa. Dereva anapolala foleni Tunduma au Malaba, kamera hiyo ndiyo shahidi wa nani aliyelisogelea lori usiku.

Lakini mara nyingi shahidi huyu hushindwa kazi. Asubuhi huonekana kwamba kamera ilizimika mara tu gari lilipoegeshwa, au ilikesha ikifanya kazi na sasa stata haina nguvu ya kuzungusha injini. Katika hali zote mbili lawama humwangukia dereva. Ama ataambiwa kwamba alichomoa waya, ama kwamba ameua betri. Kwa hiyo tunaona ni wajibu wetu kueleza namna umeme huo unavyofanya kazi, ili kila mwenzetu aweze kuitafuta sababu ya kweli.

UMEME UNAVYOFIKA KWENYE KAMERA

Kwa kawaida kamera hizi hufungwa kwa waya tatu. Wa kwanza ni waya wa moto wa kudumu, ambao hupata umeme wakati wote. Wa pili ni waya wa moto wa swichi, ambao hupata umeme pale tu ufunguo unapowashwa. Wa tatu ni ethi, ambao hukazwa kwenye chuma cha bodi. Rangi za waya hazifanani kwa kila mtengenezaji. Kwa hiyo soma maandishi yaliyo juu yake, usiamini rangi peke yake.

Waya hizi huingia katika kisanduku kidogo chenye kazi mbili. Hupunguza umeme wa volti 12 au 24 hadi volti 5 hivi zinazohitajiwa na kamera, tena huchunga betri: volti zikishuka hadi kiwango kilichowekwa, hukata umeme. Waya wa swichi ndio unaoijulisha kamera hali ya gari. Ukiwa na umeme, kamera hurekodi kama gari linalotembea. Umeme wake ukikatika, kamera huingia katika zamu ya maegesho.

DALILI NA SABABU ZAKE

Kwanza, kamera huzimika mara ufunguo unapotolewa. Hapa waya wa kudumu umechomekwa kwenye fyuzi ya swichi, au dereva amezima swichi kuu ya betri, ambayo katika malori mengi hukata kila kitu. Ikiwa kamera huzimika baada ya dakika kadhaa, basi huenda fyuzi iliyochaguliwa ni ile ambayo gari lenyewe huinyima umeme likishaegeshwa. Magari mengi ya kisasa hufanya hivyo.

Pili, kamera haiingii kabisa katika zamu ya maegesho. Waya zote mbili za moto zimeungwa kwenye umeme wa kudumu, na kamera inadhani gari bado linatembea. Kosa hili hula betri zaidi kuliko mengine, kwa sababu kamera hurekodi bila kupumzika.

Tatu, kamera huwaka na kuzima ovyo. Angalia ethi kwanza. Bolti iliyopakwa rangi au yenye kutu haipitishi umeme vizuri. Kwangua hadi chuma king'ae, kisha kaza. Halafu angalia kama fyuzi imekaa imara. Kadi ya kumbukumbu iliyochakaa nayo huweza kuizima kamera, na watu wakadhani ni umeme.

Nne, kamera huzimika mapema ingawa betri ni nzima. Huenda kiwango cha kukata kimewekwa juu mno, au kiungo cha waya ni kibovu, hivyo kisanduku kinaona volti pungufu kuliko zilizomo katika betri.

Tunaonya pia juu ya mafundi wanaochukua volti 12 kutoka betri moja kati ya mbili za lori. Betri hiyo hudhoofika kuliko mwenzake, na ile nyingine hujazwa kupita kiasi. Mwishowe zote mbili huharibika. Lori la volti 24 lifungiwe kisanduku cha volti 24.

HESABU YA BETRI

Tuchukue kamera inayotumia wati 5. Katika gari dogo la volti 12 hiyo ni kama ampea 0.42, yaani ampea-saa 10 kwa siku nzima. Betri ya ampea-saa 60 itakuwa imepoteza nusu ya nguvu zake kwa siku tatu.

Katika lori la volti 24 lenye betri mbili za ampea-saa 150, kamera hiyo hiyo hutumia kama ampea-saa 5 kwa siku. Siku tatu ni 15, yaani sehemu moja ya kumi. Basi lori likigoma kuwaka baada ya usiku mmoja tu, kamera peke yake haiwezi kuwa sababu. Betri imezeeka, altaneta haichaji sawasawa, au kuna kitu kingine kinachonyonya umeme.

NAMNA YA KUPIMA

Mita ndogo ya kupimia umeme yatosha. Zima injini, subiri saa mbili au zaidi, kisha pima. Betri nzuri iliyojaa huonyesha kama volti 12.6, au 25.2 kwa jozi ya lori. Ikionyesha 12.2, au 24.4, imebaki nusu hivi. Injini ikiunguruma, chaji iwe kati ya volti 13.8 na 14.4, au 27.6 na 28.8 kwa lori. Kwa foleni za siku nyingi tunashauri kiwango cha kukata kisiwekwe chini ya volti 24.

Halafu fanya jaribio hili. Usiku wa kwanza toa fyuzi ya kamera. Pima jioni na alfajiri. Usiku wa pili irudishe, upime vile vile. Hakikisha kwamba jioni zote mbili betri ilianza na volti zinazolingana. Tofauti kati ya siku hizo mbili ndiyo sehemu ya kamera. Kinachobaki si chake. Andika vipimo vyote katika daftari, pamoja na tarehe na saa.

HAKI YA DEREVA

Daftari hilo lina kazi kubwa kuliko inavyodhaniwa. Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, hairuhusu mwajiri kukata mshahara kwa sababu ya hasara bila masharti. Hasara lazima iwe imetokana na kosa la mfanyakazi mwenyewe. Sababu, kiasi na hesabu vielezwe kwa maandishi. Mfanyakazi apewe nafasi ya kupinga. Na makato yasizidi robo ya ujira wake. Nchini Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inaruhusu makato ya namna hii pale tu hasara ilipotokana na kosa la makusudi.

Waya uliochomekwa mahali pasipostahili ni kazi ya aliyeufunga. Betri iliyochakaa ni mzigo wa mwenye lori. Kwa hiyo, ndugu, usitie saini karatasi yoyote ya makato kabla betri, waya na kisanduku havijapimwa mbele yako na mbele ya mwakilishi wa chama.